Siku Mama Alipojiita Mgeni Shambani Kwake

Mwanangu, sogea karibu. Nakuita mwanangu hata kama hatujawahi kuonana, kwa sababu maneno haya huwa nawapa watu ninaowaamini tu, na wewe nakuamini. Nimesikia wapimaji wa ardhi watafika na kwenu. Vijana wengi mnaona hiyo ni shughuli ya wazee na ofisi ya kijiji, ninyi mna simu zenu na mambo yenu. Mimi ni mama wa kawaida. Nilimaliza la saba, na ukubwani nikaenda masomo ya jioni pale shule ya msingi, kina mama tumebanana kwenye madawati ya watoto magoti yanagonga juu. Kwa hiyo usitegemee nikusomee vifungu vya sheria. Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Iko asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa msichana mkubwa, naishi na mama na wadogo zangu upande wa Gendabi, huku kwetu Hanang. Baba alikuwa ameshafariki. Alituachia shamba moja la mahindi na mbaazi, kalizungushia mkonge aliopanda kwa mikono yake. Chini ya shamba ilipita njia ya ng'ombe, na ng'ambo ya njia aliishi mfugaji mmoja, mzee Gidamis. Hatukuwa na shamba lingine. Tulichokula kilitoka pale, na daftari za shule zilitoka kwenye mbaazi za pale.

Tulikuwa tunapalilia. Wakaja wazee wa kamati ya kijiji pamoja na kijana mmoja wa halmashauri, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine. Kazi yao ilikuwa kupita shamba kwa shamba, kuuliza la nani, kuita majirani wa mpakani washuhudie, kisha kupima, ili mwisho kila mtu apate hati yake ya kimila. Baba mdogo Safari, mdogo wake marehemu baba, alikuwa ameongozana nao. Wazee wakabaki nyuma kule juu, wakibishana na jirani kuhusu mkonge uliokuwa umetambaa kuvuka mpaka. Kijana akatangulia kwetu na baba mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Asante. Mama, shamba hili ni la nani?"

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akainamisha kichwa kidogo. "Mimi hapa ni mgeni tu, baba. Mambo ya shamba muulize shemeji."

Naomba usimcheke mama yangu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hujiita mgeni mbele ya watu wa ukoo wa mumewe. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Mama alikuwa amezaa watoto wanne pale, amemzika mume pale, na bado akiulizwa jambo lolote la mji ule anasema mimi mgeni. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua anaongea na mwenye nyumba aliyelelewa vizuri, anacheka kidogo, kisha anamuuliza tena swali lile lile. Mara ya pili ndipo anapojibiwa. Lakini yule kijana hakuwa mtu wa kwetu. Alisikia mgeni, akaelewa mgeni. Akamgeukia baba mdogo.

"Basi ni lako, mzee?"

Baba mdogo alikohoa kidogo. "La kwetu," akasema.

Wala hakusema uongo. Ndiyo maana neno lilipita kirahisi hivyo. Kijana akaandika jina la baba mdogo, wakaendelea chini mpaka njia ya ng'ombe, na mama akarudi kwenye jembe lake akiwa na furaha kwamba wageni wamepokelewa kwa heshima.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, mbaazi zikiwa bado shambani, baba mdogo akaja. Akakaa kwenye kigoda, akanywa uji, akasifia uji.

"Shemeji, hizo mbaazi ukishavuna usipande kitu tena. Kuna bwana wa Basotu ana trekta, tumeshaongea. Atalima alizeti."

Mama alifikiri ni utani. "Alizeti kwenye shamba gani?"

"Hili hapa."

"Na sisi tutalima wapi, barabarani?"

"Sasa shemeji, si ulisema mwenyewe mbele ya mtaalamu? Mgeni ana shamba?" Akacheka, akasimama, akakung'uta suruali. "Lakini nyumba kaeni tu, sina neno."

Mwanangu, baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vijana wake wanataka kuoa, na shamba lake alishaligawa mpaka likabaki kama kitambaa cha mkononi. Nimeishi nikaona kwamba wengi wanaochukua ardhi ya mjane ni watu wa nyumbani, watu wa kusali nao kanisa moja, wenye shida zao. Hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kuwakatalia. Jambazi unampigia kelele. Shemeji anayesifia uji wako unampigia kelele vipi?

Siku ile mama alikwenda kwa Bibi, mama yake baba na baba mdogo, aliyekuwa na nyumba yake hapo hapo uani kwetu. Nilimfuata. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo, anatupa mawe kwa kuku, nao kuku wanakimbilia wakidhani ni chakula. Mama akaeleza yote, mwisho akasema, "Basi, nimemwachia Mungu."

Bibi hakuinua macho. "Vizuri. Na mdomo aliokupa, umemwachia nani?"

Mama akaanza naye kuchambua maharage.

"Ni kweli ulisema wewe mgeni?"

"Nilisema, mama. Ni heshima."

"Heshima nilishaipokea mimi, ilinitosha mwaka ule ule ulipoolewa. Yule mtoto wa watu na karatasi zake unampa ya nini? Huo ugeni wako utakwisha lini? Tukishakuzika?"

Mama akaanza kulia. Akapiga magoti. "Mama, niongelee wewe kwenye mkutano. Safari ni mwanao, wewe atakusikia."

"Siongei," Bibi akasema. "Nitakuja, nitakaa mbele kabisa, lakini siongei. Nikikuongelea leo, siku nikiwa kaburini akija mwanaume mwingine na trekta nyingine, utamtuma nani aje anichimbue?"

Nilimkasirikia sana Bibi. Niliona ana roho ngumu. Leo nina watoto wangu mwenyewe, na ninaposali namwombea yule bibi kwa jina lake, kwa ajili ya ugumu ule.

Kabla hati hazijatolewa, majina yalibandikwa ofisi ya kijiji, ikatangazwa siku ya mkutano ili mwenye malalamiko aseme. Tulikwenda kwa miguu. Njia nzima mama alisali rozari bila sauti, na alipofika kwenye kiwanja cha shule akakaa nyuma, kina mama wanakokaa, karibu na waliokuwa wananyonyesha. Bibi alikwenda kukaa mbele kama alivyoahidi, fimbo katikati ya magoti.

Mwenyekiti alisoma shamba letu na jina la baba mdogo. "Mwenye pingamizi?"

Mama akasimama. Akakaa.

"Mama Vero," mwenyekiti akasema, "umesimama au umejinyoosha?"

Watu wakacheka. Mimi ndiye Vero. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilimshika mama kiwiko nikamsukuma juu. Akasimama tena.

"Shamba lile ni langu," akasema. "Mimi na watoto wangu."

Baba mdogo akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, huyu shemeji yangu alisema kwa mdomo wake kwamba hapa ni mgeni. Leo amepata uraia?"

Wanaume walicheka mpaka wengine wakakohoa. Hapo ndipo Bibi akainuka, taratibu, anaegemea fimbo.

"Nilisema siongei. Sasa mwenyewe ameshaongea, basi nami naruhusiwa kuongezea." Akamtazama baba mdogo. "Safari, mimi nilizaliwa Mbulu. Nililetwa hapa kuolewa na baba yako. Mpaka leo wakija wazee nawaambia mimi mgeni. Mama yake mwenyekiti naye alikuwa anasema hivyo hivyo, nilikuwa namsikia. Basi kama mgeni hana shamba, ninyi wanaume wote mliokaa hapa mmezaliwa na wageni. Rudisheni mashamba."

Mara hii walicheka kina mama. Mzee Gidamis, yule jirani mfugaji, akasimama bila kuitwa. "Mimi niseme kidogo. Ng'ombe wangu wameingia kwenye mahindi yale mara nyingi, nakiri. Kila mara aliyekuja kunigombeza ni huyu mama. Na anagombeza vibaya. Huyu Safari sijawahi kumwona hata mara moja. Mwenye shamba ni yule anayekuja na fimbo."

Yule kijana wa halmashauri alikuwepo. Akaomba nafasi. Alisema hakujua kwamba kwetu neno lile lina maana ile, na hakuna aliyemweleza. Kisha akamgeukia mama, safari hii hakuuliza la nani. "Mama, nani analima shamba lile?"

"Mimi."

"Anayekula kutoka pale ni nani?"

"Mimi na watoto hawa."

Mwenyekiti akawauliza waliohudhuria kama ni kweli. Mikono ikanyooshwa, ya kina mama kwanza, halafu na ya kina baba. Baba mdogo alitazama chini, mwishowe akasema, "Liandikwe lake. Mimi nilisema la kwetu, sikusema langu." Watu wakaliacha neno hilo lipite, na mimi naona walifanya vizuri. Bwana wa Basotu alipeleka trekta yake kwingine.

Baba mdogo hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu. Mvua zilipoanza, asubuhi moja tukasikia anawapigia maksai mluzi pale shambani. Alilima mpaka jua lilipokuwa kali. Mama akapika ugali na mboga za mgagani, akampelekea chini ya shamba, wakala bila kuitaja habari ile. Mama yangu bado yupo, na bado analima pale. Wadogo zangu wamesoma. Mdogo wangu wa mwisho ni muuguzi, na karo yake ilikuwa mbaazi.

Sasa nikuambie, maana hukuja hapa kusikiliza habari za uji na ng'ombe tu.

Siku ya kupima, uwepo shambani kwako. Simama mpakani. Ukiulizwa la nani, jibu mara ya kwanza, kwa jina lako. Ukiwa mke, sema langu na mume wangu, na uhakikishe majina yote mawili yameandikwa. Ukiwa mume, usisubiri mkeo adai. Mtaje wewe mwenyewe mbele ya watu, maana siku utakapokuwa hupo yeye ndiye atakayebaki na watoto wako. Sheria yetu inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume. Heshima kwa wakwe ni jambo jema, mimi ninayo, na binti zangu nimewafundisha. Waheshimu wakwe kwa uji na shikamoo. Kwa ardhi sema ukweli.

Na usifikirie lako peke yako. Kijijini yupo kibarua asiyeweza kuacha kazi ya siku kuja kusimama mpakani, nenda ukamshuhudie. Yupo mjane anayeogopa mkutano. Kaa naye, umshike kiwiko. Mnapopanga matumizi ya ardhi ya kijiji, acheni njia ya ng'ombe na malisho, na viandikwe, kwa sababu mfugaji naye ni maskini akikosa pa kupita. Kule Yaeda Chini wako ndugu zetu wanaoishi kwa asali, mizizi na mawindo. Ardhi yao haina mkonge wala jembe, ukipita unaweza kudhani haina mtu. Ina watu. Sheria inaruhusu kundi zima liwe na hati ya pamoja, na ni haki yao kabisa.

Nanyi mtakaosoma mkawa maofisa, maana najua mko, nawaomba msiende mbio. Fikeni na mtu anayejua lugha ya pale. Muulizeni kila mwanamke yeye mwenyewe, nani analima na nani anakula. Gharama ya hati iwe ambayo mtu wa jembe moja anaiweza. Sera ikiandikwa upya, viongozi wenu waambieni hayo, na msichoke kuwaambia. Nimeona kosa la neno moja likirekebishwa mchana kweupe na watu wa kawaida waliokaa kwenye nyasi za shule. Kwa hiyo siwezi kukubali mtu akiniambia haiwezekani.

Mungu akupe kipande cha ardhi ambapo hakuna atakayekuhamisha. Akupe mdomo mwepesi siku ya mkutano na moyo mwepesi wa kusamehe siku inayofuata. Mvua ikunyeshee kwa wakati, na watoto wako wale kwa jasho lako wewe.

Habari hii usikae nayo. Mwambie dada yako aliyeolewa mbali, mwambie mama yako asiyependa mikutano. Wasomee kwenye jumuiya kama watakupa nafasi. Kama anayesikiliza hajui Kiswahili vizuri, mweleze kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kabla wapimaji hawajafika kwake.