Harufu ya Unga wa Viroboto

Nikiingia agroveti, duka la dawa za mifugo, na kusikia harufu ya unga wa kuua viroboto, namwona mama mlangoni mwa banda la kuku, kule kwetu Mbooni, mifuko ya plastiki mikononi badala ya glavu.

Ndani alikuwa paka wetu, amevimba chini ya taya. Daktari wa mifugo alikuwa amemdunga sindano na kusema ni tauni, ameipata kwa viroboto wa panya. Atengwe, anyunyiziwe ule unga, na sisi watoto tusimguse.

Jirani alisikia, akaja na gunia.

"Mama, toa huyo paka tumuue. Atatumaliza."

"Haendi mahali. Kanyunyize unga ghalani kwako kwanza. Ugonjwa unatoka kwa panya."

"Kwani unapenda paka kuliko watu?"

"Huyu tulimnyima chakula makusudi ili awinde. Amekula panya wetu mpaka akaugua, halafu nimuue? Toka na gunia lako."

Unga ulikuwa umemjaa mama nywele zote. Hakujipangusa.

Kila siku aliingia bandani peke yake, kitambaa puani, dawa mkononi, hadi uvimbe ukaisha. Tangu hapo paka wetu alilala ndani na kula ugali kwa maziwa, na hakuna aliyethubutu kusema anadekezwa.

Baada ya mavuno jirani alirudi, sauti chini. Panya walikuwa wanamaliza mahindi yake. Paka wetu alikuwa amezaa, naye aliomba mtoto mmoja.

"Nitakupa," mama akamwambia. "Lakini uje na lile gunia."