Bakuli la Padri

Nyie chekeni tu. Haya sikusimuliwa na mtu, yalinikuta mimi mwenyewe, jua likiwa bado juu, hapa hapa Kibaoni.

Bibi yangu alikuwa na bakuli la udongo lenye masikio mawili, rangi ya asali. Aliachiwa na padri Mfaransa, enzi Bibi akiwa mpishi wake; padri huyo alizikwa misheni kabla sijazaliwa. Padri alisema kijijini kwao Ufaransa karibu kila nyumba ni wafinyanzi, na lile alilifinyanga mama yake. Bibi alipougua, uji aliunywa humo tu. Sasa mimi, na haraka zangu, nikawa naliosha kisimani, likaniponyoka. Vipande vipande.

Nikampelekea uji kwenye kikombe cha plastiki. Akageukia ukutani. Siku ya pili vilevile, vijiko viwili vya maji, basi. Niliogopa jamani. Bibi ndiye aliyenilea.

Nikafunga vile vipande kwenye kanga, nikashuka bondeni wanakochimba udongo. Kufinyanga kwenyewe sijui. Kila nikisimamisha ukuta wa bakuli, unalala. Nikakaa chini nikalia.

"Mjukuu, unakanda kama unasonga ugali."

Kugeuka, mzungu mzee, kanzu nyeupe, tope mpaka viwiko, anaongea Kipimbwe, lugha yetu, tena kile cha wazee. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akaniambia nisage vile vipande kwa jiwe, nichanganye kwenye udongo, maana udongo mtupu hupasuka motoni. Akanishika vidole, tukasimamisha ukuta, tukabandika masikio, huku akivicheka vidole vyangu. Nami nikacheka, hofu yote ikaisha. Nikainama kunawa, kuinuka hayupo. Na kwenye tope lile, niamini, nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Nikalianika kivulini siku tatu, Bibi akiishi kwa vijiko vya maji, nikalichoma kwa pumba za mpunga na mavi ya ng'ombe. Likatoka jeusi, limepinda kidogo, lakini zima. Nikalijaza uji, sikumwambia Bibi kitu. Akalipapasa masikio, akatabasamu.

"Kumbe Padri alikuja."

Akanywa wote, akaomba tena. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma.

Siku hizi anatembea mpaka sokoni ninakouza mabakuli yangu, anawaonyesha wateja yaliyopinda. Nilipomweleza yote, aliniuliza jambo moja tu: "Ulimkaribisha chakula?" Hata sikukumbuka kumkaribisha. Mpaka leo hajanisamehe.

Kwa hiyo wewe, ukienda kuchimba udongo bondeni, beba hata kiporo cha wali. Ukimkuta mzee yule, mkaribishe kwanza, maswali baadaye. Marehemu mwenyewe hana neno. Wa kumwogopa ni Bibi.