Adhana Ndani ya Bawa

Natengeneza ndege ndogo hapa Bagamoyo, na kila mtu anajua napenda kueleza mambo taratibu. Hili nalo nilieleze.

Asubuhi ile nilifungua bawa la ndege ya Kapteni Zainabu, nikasafisha waya za dira, nikafunga. Mdogo wake alikuwa anaolewa Pangani alasiri. Kwa gari Kapteni asingewahi. Tukairusha kwa majaribio. Juu ya Mlingotini akaiachia mashine ya kujiendesha ituongoze kaskazini, kufuata pwani. Ndege ikageuka polepole kuelekea baharini.

“Fundi, mbona hii inatupeleka Unguja?”

Tulipotua nilipima kila waya. Zote nzima. Nikamwambia mashine imeharibika, leo ndege hairuki. Machozi yakamlengalenga. Nikaona nimfariji kwa maelezo.

“Usivunjike moyo, mwanangu. Dira iliyomo humo bawani ni ajabu ya Mungu. Inaisikia sumaku ya dunia nzima, ambayo mimi na wewe hatuihisi kabisa. Ukiisogezea hata sumaku ya kispika kidogo, inapotea, na ndege yote inaifuata.”

Kidole changu kilikuwa bado juu adhana ya adhuhuri ilipolia kutoka ndani ya bawa.

Ni kispika changu kinachonikumbusha sala nikiwa kazini; nilikisahau humo asubuhi. Hakijazi kiganja, na kilikuwa kimeigeuza ndege nzima.

Kapteni alilitazama bawa, kisha akanitazama mimi.

“Muitikie muadhini kwanza, fundi,” akasema. “Halafu ulete bisibisi.”