Filamu Imesifiwa, Fundi Ubwa Imemponza

Saa nne asubuhi, Ubwa Shaame amepiga magoti mbele ya sefu ya chuma katika nyumba moja ya Kiponda, Mji Mkongwe. Anaushika ufunguo usiochongwa juu ya moshi wa mshumaa mpaka unakuwa mweusi, anautia tunduni, anauzungusha kidogo, anautoa, kisha anausogeza karibu na jicho kuona masizi yamefutika wapi. Hapo ndipo anapopiga tupa. Amekuwa akifanya hivyo tangu saa mbili na nusu, na goti lake la kulia limeshachoka.

Nyuma yake wamesimama warithi wawili wa marehemu mwenye sefu, Bi Bashira na mdogo wake, Munir. Munir ameelekeza simu kwenye mikono ya fundi, anarikodi kila anachokifanya.

"Fundi, mbona yule wa kwenye filamu kafungua kwa sekunde arubaini?" anauliza.

"Yule kalipwa kwa sekunde," anajibu Ubwa bila ya kugeuka. "Mie nnalipwa kwa sefu."

Bi Bashira anacheka. Munir hacheki.

Filamu yenyewe inaitwa Sefu ya Mizingani, filamu ya wizi, ngumi na kukimbizana juu ya mapaa, iliyopigwa hapahapa mjini na kuanza kuoneshwa Idi iliyopita. Shahida Abdulwahid, mchambuzi wa filamu katika redio moja ya mjini, ameipa alama nane kwa kumi. Anasema risasi ni nyingi mno, polisi wanafika kila mtu keshakwenda zake, na shujaa anaanguka kutoka ghorofa ya tatu akainuka anajipangusa vumbi.

"Lakini yule mzee fundi ndiye aliyeibeba filamu nzima," anasema. "Pale anapoipa sefu mgongo, ukumbi mzima ulipiga kelele."

Watazamaji hawabishani naye. "Mie nshaiona mara tatu," anasema Ayoub, muuza makava ya simu Darajani. "Mwisho wake mbovu, na yale mapenzi yao hayana kichwa wala miguu. Lakini yule mzee! Yule kauwa."

Anachokifanya mzee huyo ni hiki. Akishaufungua mlango wa sefu kiasi cha kidole, anageuka na kuipa mgongo, ili wenye sefu waone kwamba hana haja ya kuchungulia mali zao. Wenyewe wanaingiwa na imani, machozi yanawalenga. Na huku nyuma mkono wake unaingia ndani ya sefu na kutoka na bangili.

Ubwa, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ana miaka ishirini na tisa akifungua sefu zilizopotezewa funguo, nyingi za mirathi. Hafungui mpaka warithi wote wawepo, au wawakilishi wao, na barua ya sheha wa mtaa iwe mkononi. Akishafungua, huipa sefu mgongo, akasimama hivyo mpaka wenyewe waushike mlango kwa mikono yao, ndipo atoke. Ndivyo alivyofundishwa na bwana wake. Katika miaka yote hiyo, hajaona ndani ya sefu hata moja.

Kwa hiyo filamu imemchukua yeye mzimamzima, ikaongeza bangili tu. Na kinachomuuma zaidi ni kwamba aliwapa mwenyewe. Miaka miwili iliyopita vijana wawili wa hiyo filamu walimfuata kibandani kwake Mlandege, wamebeba halua, wakamuomba awaeleze kazi yake. Aliwaeleza mchana kutwa.

"Nilifurahi, wallahi," anasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kazi yangu naifanya vipi."

Kabla ya Idi alikuwa akiitwa kufungua sefu nne au tano kwa mwezi, kila moja shilingi elfu sabini. Katika miezi mitatu iliyofuata amefungua mbili tu, na hii ya Kiponda ndiyo ya pili. Siku nyengine anachonga funguo za makufuli kibandani, kwa shilingi elfu mbili mbili.

Saa tano kasoro, ufunguo unazunguka. Ubwa anauvuta mlango kiasi cha kidole na kuanza kugeuka.

"La, Fundi, usiipe mgongo," anasema Munir. "Elekea hukohuko kwenye sefu, na mikono juu tuione."

"Munir, muachie mtu mzima," anasema Bi Bashira, lakini kwa sauti ya chini. Naye macho yake yako kwenye mikono ya fundi.

Ubwa anaelekea kwenye sefu. Anainua mikono juu, na anafumba macho.

"Kama mtoto anayecheza kibe, anangoja wenziwe wajifiche," anasema baadaye, njiani, mkoba begani. Anaona haya kulisema, na uchovu umemjaa usoni.

Akiulizwa filamu ameionaje, hana kinyongo. "Nzuri. Siwezi kuwadhulumu. Yule muigizaji hata tupa kaishika sawasawa."

Aliitazama nyumbani, yeye na mkewe, Mwanakheir. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Ilipomalizika, mkewe alimgeukia.

"Kanambia, 'Baba Amne, na wewe miaka yote hiyo, hata pete moja?' Nikangoja acheke. Hakucheka."

Jumamosi ijayo ana sefu ya kufungua Chukwani. Amewaomba wenyewe aende na mkewe, nao wamekubali. Mwanakheir hajawahi hata siku moja kumuona mumewe akiwa kazini. Ubwa anataka asimame pamoja na wenye sefu, aangalie tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Watu wengine na waseme watakavyo," anasema. "Yeye nnataka aone kwa macho yake."

Ameshamuomba mara mbili. Mwanakheir amesema ataangalia kama atapata nafasi.