Paa Letu na Ramani ya Baraza

Nyinyi vijana mnaokwenda ofisi za ardhi mkarudi mmenuna, msidhani nyinyi ndio wa kwanza kuonewa. Kaeni niwaambie jinsi Baraza la Mji lilivyotupangia makazi pale Tanga, zamani za Mwingereza, nilipokuwa mke kijana katika nyumba ya udongo na makuti. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tu, na herufi hizi nilifundishwa na binti yangu nikiwa mtu mzima, kwa hiyo msitafute mapambo humu. La kusema ninalo.

Neno lililozuka mjini wakati ule lilikuwa ramani. Baraza limekaa, limeona kwamba mji utakua na watu watazidi, na nyumba zetu zimekaa ovyo. Basi itatengenezwa mitaa iliyonyooka na nyumba mpya. Akaja Mzungu wa ramani na darubini yake ya miguu mitatu, akachungulia nyua za watu, akapiga vigingi. Kimoja alikipiga pale pale tunapoanikia muhogo. Raskazone, walikokaa Wazungu wenyewe, sikusikia kigingi kilichopigwa. Huko mji ulikuwa umeshakua, nadhani.

Ili tuuone uzuri unaokuja, wakajenga nyumba chache za mfano upande wa Usagara, hapo hapo mjini. Mume wangu alinipeleka kuziangalia. Bati juu, saruji chini, chokaa nyeupe, sawa. Lakini ua hakuna. Jiko limefungua dirisha barabarani, kila apitaye aone sufuria yako ina nini. Na choo, wallahi, ukichutama umeelekea kibla. Mume wangu akamuuliza karani aliyekuwa akitutembeza, "Bwana, humu Mwislamu atajisaidiaje?"

Karani akasema, "Atakaa upande."

Mpaka leo nikikumbuka nasonya. Watu wazima wamekaa mezani, wamekunywa chai yao, wamepanga mji mzima wa watu wa kukaa upande.

Katika Baraza lile alikuwamo shemeji yangu, ndugu mkubwa wa mume wangu. Aliteuliwa. Tangu ateuliwe hakuvua tarbushi hata kwenye joto la kaskazi, na ukimwomba chumvi angekwambia jambo hilo litaangaliwa. Ndiye aliyetuletea amri: nyumba zote zilizoingia kwenye ramani zisiezekwe wala zisikandikwe, mpaka Baraza liamue zipi zibaki na zipi zivunjwe. Ati hawataki mtu apoteze mali yake mahali patakapobomolewa. Huruma gani hiyo!

Paa letu lilikuwa limechakaa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshakata fito, na mimi na mavyaa wangu, mama yake, tulikuwa tumeshona makuti tukayapanga uani. Akasema tungoje kidogo, nduguye asiaibike mbele ya wenziwe. Tukangoja. Masika hayajafika, akaugua homa, akafa. Nikakaa eda.

Eda mnaijua, au na hiyo mmeiacha? Mjane hutulia ndani ya nyumba ya mumewe. Hatoki, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, wala sauti yake haisikiki na wageni. Chumba changu kilikuwa cha mbele, dirisha limefungwa. Nikilala chali kitandani naona mawingu, na mawingu yenyewe yalikuwa yameanza kuwa meusi. Pa kuhamia hakuna, maana mjane hahami mpaka eda imwishe. Kwa hiyo haja yangu duniani ilikuwa moja tu: paa.

Asubuhi moja mavyaa alikwenda sokoni na wanangu. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kutoka Maramba kukaa nasi baada ya msiba, alikuwa ametoka kutafuta kamba. Nikasikia hodi. Ilikuwa sauti ya shemeji, na nyuma yake viatu vya Mzungu na maneno ya karani. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, kuipitia ramani upya. Hodi tena, na tena. Mimi kimya nyuma ya ukuta, karibu nao hata nasikia wanavyohema.

Mzungu akauliza, "Nani nakaa hapa?"

Sasa sikilizeni. Kwetu mtu hamtangazii mwanamume mgeni kwamba ndani mna mwanamke peke yake, tena mjane, tena mke wa nduguye. Ni aibu. Lakini angeweza kusema, "Ni nyumba yetu, wenyewe wametoka." Angeweza kusema warudi jioni. Maneno yako tele. Yeye, haya zimemshika huku na hofu imemshika huku, akajibu, "Hakuna mtu, bwana."

"Hapana mtu kabisa?"

"Kabisa, bwana."

Karani akapaka msalaba wa chokaa ukutani. Nilisikia brashi ikikwaruza upande wa pili wa ukuta niliouegemea. Wakakubaliana pale pale: nyumba tupu, masika yakiisha ivunjwe. Nikauma ncha ya kanga nisije nikapiga kelele.

Jioni shemeji akaja. Mavyaa alikuwa ukumbini, mimi nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe unayeamkia nyumba tupu?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Ningesemaje? Nimtaje mke wa marehemu mbele ya Mzungu?"

"Ungenitaja mimi uliyenyonya kwangu. Au mimi nami nimepakwa chokaa?"

"Nitalirekebisha kikaoni."

"Lini?"

"Kikao kikikaa."

Nikashindwa kujizuia, nikasema pale pale nyuma ya pazia, "Na mvua, shemeji, nayo ina kikao?"

"Shemeji, subira. Mambo yana taratibu zake."

"Nazijua. Nalala chini yake, nyota zote nazihesabu."

Mavyaa alicheka mpaka akakohoa. Shemeji alirekebisha tarbushi lake akaenda zake.

Mvua ya kwanza ilinikuta kitandani. Tukatega beseni, sufuria, mpaka mbuzi ya kukunia nazi tukaigeuza tukaweka bakuli juu yake. Msala wangu ukalowa, nikawa nasalia kona moja tu iliyobaki kavu. Nyumba ya udongo paa likishindwa, ukuta haungojei Baraza. Ule wa upande wa kitandani ulianza kumeguka vipande, unaviona vinaanguka hivi hivi.

Siku kadhaa baadaye, asubuhi, shemeji akarudi, uso unang'aa. "Mama, furaha! Baraza limeipitia ramani upya. Barabara haipiti huku tena, imesogezwa. Nyumba haivunjwi!"

"Alhamdulillahi," mavyaa akasema. "Basi tuezeke."

"La, kuezeka bado. Amri ilitoka na ramani ya kwanza, na hii ya pili haijatiwa muhuri. Tena nyumba hii inajulikana haina mtu, kwa hiyo hata ruhusa haiwezi kuombwa. Aombe nani?"

"Aombe nani!" mavyaa akasema, akanitazama pale pazia liliponipa nafasi. Mwanawe wa kwanza alikuwa amesimama mbele yake, hana haya hata kidogo, anangoja asifiwe.

Muhuri ule sijasikia mpaka leo kama ulifika. Mitaa iliyonyooka sikuiona. Zile nyumba za mfano waliohamia walizungushia mashuka mabovu, ndiyo nyua zao hizo. Kigingi chetu tulikipikia maharage.

Lakini asubuhi ile hatukujua lolote kati ya hayo. Nje palikuwa pameanuka kidogo, na upande wa baharini wingu lingine lilikuwa linakuja. Shemeji bado yuko ukumbini na tarbushi lake. Nikawaita wanangu na mdogo wangu mlangoni pa chumba changu, nikasema kwa sauti ya kumfika kila mtu mle ndani:

"Wewe mdogo wangu, lete ngazi. Nyie watoto, pokezaneni makuti kutoka uani. Ezekeni nyumba nzima leo leo, na muanze na chumba hiki kisicho na mtu."