Gauni Lisilotaka Kifua

Katika mwaka wa sita wa sekondari, seksheni ya ushonaji, kila msichana alipaswa kushona nguo moja ya zamani na kuivaa mwenyewe mbele ya jury, wale wanaosahihisha mtihani. Mwalimu wetu, tuliyemwita Madame, alikuwa na kitabu cha picha kilichopotea jalada, na kwa kitabu hicho alitupitisha katika mavazi yote ya Ulaya. Wenzangu walichagua masketi mapana ya malkia, kwa sababu yanaficha makosa ya fundi. Mimi nilichagua gauni la wale wanawake wa baada ya vita vya kwanza vya dunia, waliokata nywele zikawa fupi, wakapandisha gauni hadi magotini ili wacheze vizuri, na kuzitupa corset za mama zao, zile za kubana kiuno kwa kamba. Madame alisema Wafaransa waliwaita garçonnes, maana walitaka kuishi kwa uhuru kama wavulana. Nilikuwa na miaka kumi na minane, naishi Kadutu, mjini Bukavu, na mama mkali na mjomba mkali zaidi. Neno uhuru lilinitosha.

Gauni lenyewe halikuwa gumu kukata. Linashuka wima kutoka mabegani, kiuno kinakaa chini kabisa kwenye nyonga, na shanga ndefu zinaning'inia mbele. Tatizo lilikuwa mimi. Nilipolijaribu mara ya kwanza, kifua kililiinua na nyonga zikalikamata, likawa kama shuka lililotupwa juu ya kiti. Madame alilivuta huku na huku, pini zikiwa mdomoni, kisha akasema bila ubaya wowote, "Gauni hii haitake kifua, ma fille. Utafute mwingine wa kuivaa." Darasa likacheka. Nami nilicheka, lakini ndani yangu niliingiwa na hofu ambayo sikuijua, hofu ya kuwa na mwili usiofaa.

Kitabuni, chini ya picha ya gauni lile, kulikuwa na maelezo ya mistari mitatu. Wanawake wale, kitabu kilisema, walifunga vifua vyao kwa kitambaa ili vilale, na walijinyima chakula ili wanyooke kama fimbo. Leo nikiyasoma nakasirika: walitoa corset mlangoni, wakaingiza bandeji dirishani, na wakajiita huru. Wakati ule niliyasoma kama maagizo ya kazi. Nilikwenda kwenye duka la dawa nikanunua bandeji pana ya mpira, ile ya kufungia mguu ulioteguka, nikamwambia muuzaji ni ya goti la mama.

Kwetu mwili hausifiwi namna ile. Bukavu ukinenepa watu wanakupongeza, "Maisha inakupenda." Ukikonda wanashusha sauti. Nilijua hivyo, kwa hiyo nilijificha. Mezani nilizungusha bugali mkononi mpaka wengine wamalize. Shuleni nilisema nimekula nyumbani, na nyumbani nikasema nimekula shuleni.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa jirani wetu wa chini, mjane aliyeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mafungu mbele ya nyumba yake ya mbao. Kila asubuhi nilipita mlangoni pake nikienda shule, naye, kuanzia wiki ileile ya bandeji, kila asubuhi alinipa kikombe cha uji wa mtama na soya. "Kunywa, mutoto," alikuwa akisema. "Masomo haiingie mu kichwa kama tumbo iko wazi." Hakuwa na sababu nyingine ila kwamba alinipenda tangu nikiwa mdogo. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga kona, nikaumwaga mferejini. Jioni nilirudisha kikombe kimeoshwa na kusema uji ulikuwa mtamu. Alikuwa anafurahi kweli, na mimi nilikuwa naona nina akili.

Baada ya wiki kama sita gauni lilianza kushuka wima. Madame alinitazama akasema, "Tiens, inaanza kukaa." Nilifurahi siku nzima. Lakini nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, na nikipanda ngazi za kwetu nilihitaji kusimama mara tatu. Jumapili moja, wakati wa misa, padri alisema tusimame, nikasimama, na kilichofuata ni sura za wanawake juu yangu na mtu akinipepea kwa kitabu cha nyimbo. Nashukuru Jumapili sikuvaa bandeji. Sijui kwa nini nasema nashukuru, maana kama wangeiona siku ile, mambo yangeishia pale.

Jioni hiyohiyo mjomba alikuja. Ni kaka mkubwa wa mama, amewahi kufundisha shule ya msingi, na anapenda watu wakae kimya anapofikiri. Alinishika mkono akauzungusha akiutazama. "Mutoto hakauke hivi bure," alisema. "Hii ni karuho."

Mama aliketi chini. Karuho ni sumu ya polepole, na kwetu inaogopwa kuliko risasi. Unapewa ndani ya chakula au kinywaji, hujui siku wala saa, na unakauka kidogo kidogo hadi unakwisha. Kila familia ina mtu wake wanayesema aliondoka hivyo.

"Nani anakupatiaka kitu ya kula inje ya nyumba?" mjomba aliuliza.

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema ukweli wote. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa macho yake, na nilitaka aulize kitu kingine. "Maman wa makala," nikasema. "Ananipatiaka uji, asubuyi."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Alimaanisha jirani. Mimi nilikumbuka bandeji iliyokunjwa ndani ya mkoba wangu wa shule, na nikanyamaza.

Kesho yake walinipeleka kwa mama mmoja anayetibu karuho, njiani kwenda Lwiro. Alininywesha majani yaliyosagwa, nusu ya jagi, na nikatapika mpaka nikaona nyota. Tumboni mwangu hakukuwa na chochote cha kutoka. Bado aliinamia beseni, akachokoa povu kwa kijiti na kuonyesha kitu cheusi chembamba. "Muone," alisema. "Njo yenye ilikuwa inamukula." Mama alilia. Mjomba aliuliza imetoka kwa nani, naye akajibu kwamba imetoka kwa mkono wa karibu, mkono unaopeana huku unacheka. Nadhani kile kitu cheusi kilikuwa uzi wa jani lake mwenyewe. Nililala siku mbili nikiogopa kufa, na kwa mara ya kwanza nilikula nilichopewa bila kubishana, kijiko kwa kijiko.

Nilipopata nguvu ya kutoka nje, avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa inajua. Makala ya jirani yalikuwa yamelundikana, hayana mnunuzi. Wanawake walivuka upande wa pili wakifika mlangoni pake. Mawe yalikuwa yamerushwa juu ya mabati yake. Alipotaka kunisalimu mama alinivuta mkono, na nikamwona yule mjane anabaki na neno lake mdomoni. Ijumaa ya wiki ya pili, nikiwa nyuma ya pazia, nilimsikia mjomba anamwambia mama, "Kesho vijana ba avenue batamwendea. Mimi sitabafunga mikono. Lisemwalo lipo."

Hapo ndipo hofu yangu yote ya kwanza ilionekana ya kitoto. Mwanamke anayesemwa hivyo huku kwetu anaweza kuchomwa pamoja na nyumba yake, na kesho yake utakuta hakuna aliyeona chochote. Nyumba yake ilikuwa ya mbao. Nilijua kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua kuwa uji wake haukuwahi kufika kwenye ulimi wangu. Na bado niliogopa kusema. Nilimwogopa mjomba, niliogopa Madame atafukuzwa kazi, na niliogopa kwamba mama atajua nilimwacha atapeliwe na mtu wa majani kwa sababu ya shanga na kiuno cha chini. Aibu ni kitu kibaya sana, inaweza kukufanya usubiri mtu afe.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilishika mchi ukiwa juu.

"Maman, hakuna mutu alinipa sumu. Mimi njo nilikataa kula."

Aliuvuta mchi wake. Nikainua blauzi. Sikuwa nimefunga bandeji tangu nizimie, lakini alama zake zilikuwa bado zinanizunguka mbavuni, mistari ya kahawia, ngozi imechubuka chini ya makwapa. Mama aliweka kidole kwenye mstari mmoja akaufuata hadi mgongoni.

"Juu ya nini?"

"Juu ya robe ya masomo. Ile ya jury. Inataka mutu asiye na kifua."

"Na uji?"

"Nilikuwaka minaimwanga mu mufereji. Hata siku moja sikuionja."

Nilingoja kofi, na kwa kweli nililitaka. Mama alisema tu, kwa sauti ya chini, "Utaua mutu juu ya robe." Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akanishika, tukatoka.

Uani mjomba alikuwa amesimama na vijana saba au wanane. Mmoja alikuwa na bidon ndogo ya njano, kidumu cha plastiki. Baadaye alisema yalikuwa mafuta ya pikipiki yake. Mama aliwaambia yote, bila kuninyima aibu hata moja, na akanigeuza waone alama mgongoni. Wale vijana walitazama chini. Mjomba hakutazama chini. "Ile karuho ingali inamuzungusha kichwa," alisema. "Mwenye kulishwa anamutetea mwenye alimulisha. Ni vile inafanyaka."

"Basi atakunywa uji ya mukono yake," mama akasema. "Mbele yenu bote. Kama iko sumu, mutaiona."

Tukashuka sote kwa jirani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya makala yake, na alipotuona tunakuja, watu kumi hivi, aliinuka akashika mlango kwa nyuma. Sijasahau namna alivyoushika. Mama alimweleza. Jirani aliingia ndani, akaacha mlango wazi ili tumwone. Aliwasha mbabula, jiko lake la makala, akaweka maji, akakoroga unga. Uji unachukua muda. Tulisimama pale, na kijana wa bidon alikuwa anaihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Alitoka na kikombe kilekile cha kila asubuhi akaninyooshea.

Mimi, niliyejua kuliko wote, sikuinua mkono. Ningependa kuandika vingine. Lakini wiki mbili nilikuwa nimelala katikati ya neno lile, nimesikia mama analia kwa ajili yake, nimeona kitu cheusi kwenye beseni, na pale mbele ya kikombe niliogopa. Nilijiuliza: na kama? Ilikuwa kwa muda wa pumzi mbili tu, labda tatu. Wengine hawakuona, walidhani uji una moto. Yeye aliona.

Kwetu, ukimpa mgeni kinywaji, unaonja wewe kwanza ili ajue hakuna kitu ndani. Kwa mtoto wa jirani hakuna anayefanya hivyo, ni kama kumtukana. Alirudisha kikombe mdomoni mwake, akanywa funda moja kubwa polepole huku ananitazama, akameza, akakipangusa kwa kitenge mahali midomo yake ilipogusa. Kisha akanipa tena kwa mikono miwili.

Nilikunywa wote. Ulikuwa na sukari na tangawizi kidogo. Wiki zile zote sikuwahi kujua kwamba anatia tangawizi. Vijana walitawanyika mmoja mmoja, na mjomba akaondoka bila kuaga.

Mbele ya jury nilivaa gauni langu bila bandeji. Liliinuka kifuani, likakamatwa nyongani, na mzee mmoja wa jury aliandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Nilipita kwa shida. Leo nina atelier yangu ya ushonaji, na wasichana wananiletea picha kwenye simu, mmoja anataka kunyooka, mwingine anameza vidonge ili apate nyonga. Nikiwapima naogopa, nawauliza wamekula nini, wananiona mkorofi.

Jirani alikaa pale miaka minne zaidi. Watu walirudi kununua makala, hata mjomba. Aliitikia salamu zangu kila asubuhi, kwa adabu, na hakunipa kitu tena. Mara nyingi nilitaka kumwambia kwamba siku ile niliogopa maneno ya watu, sikumwogopa yeye. Sikumwambia, kwa sababu angeniuliza vijana wale waliokuja na bidon walikuwa wanaogopa nini, kama si maneno yaleyale.