Themostati Niliyoitoa

Kaka yangu alileta lile gari gereji kwangu, Tunduma, wakati wa kipupwe. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lenye tabo, ile pampu inayosukumia injini hewa, alilolinunua baada ya mavuno mazuri ya kahawa. Alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa, mtu wa kupima kila neno, lakini akikaa kwenye usukani wa gari lile alikuwa kijana tena.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nikipanda mlima, sindano ya joto inapanda nami. Hebu litazame."

Rejeta ilikuwa imeziba. Ilitakiwa kushushwa na kusafishwa, kazi ya siku nzima, na nilikuwa na malori mawili yananisubiri. Nikafanya walichofanya mafundi wengi pale mjini: nikatoa themostati. Ni kilango kidogo tu, kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote, sindano inakaa chini, mwenye gari anaenda zake ameridhika. Kaka aliridhika. Sikumwambia nilichofanya.

Haukupita muda akataka gari liongezwe nguvu. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kulikuwa na fundi Mzambia aliyekuwa anaingia kwenye kompyuta ya gari kwa laptop, anabadilisha kiasi cha mafuta na msukumo wa tabo. Kaka akamwita aje gereji kwangu. Alikuwa mtu mpole, wa maswali mengi.

"Mune," aliniambia, kwa lile neno lao la kumwita rafiki, "kabla sijagusa kitu, themostati iko?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale. Muda mfupi kabla, nilikuwa nimemsikia akiwacheka mafundi wanaozitoa.

"Iko," nikasema.

Alichomeka nyaya zake, wakaenda na kaka kuelekea Vwawa, wakarudi. Akakunja uso mbele ya laptop. "Injini inakula mafuta mengi mno. Na joto halipandi vizuri."

"Ni baridi ya huku," nikamjibu.

Aliniamini. Kompyuta ilikuwa inadhani injini haijapata moto, kwa hiyo ilikuwa inaongeza mafuta kila wakati, kama inavyofanya asubuhi. Yeye, bila kujua, akayapunguza mpaka mwendo ukawa safi. Gari likaruka. Kaka alishuka anacheka peke yake.

Msimu wa joto ulipofika, alimpeleka shemeji Kamsamba kwenye harusi ya ndugu zake. Kule chini hata kivuli ni cha moto. Maji ya injini, kwa mara ya kwanza tangu nitoe themostati, yakafikia joto lake halisi, na kompyuta ikaacha kuongeza yale mafuta ya baridi. Yaliyobaki hayakutosha, na injini yenye mafuta pungufu huwaka moto kupita kiasi. Wakati wa kurudi, kwenye mlima, kaka alikanyaga mafuta. Shemeji alisema injini iligonga kama mtu anayepiga bati, halafu mvuke ukafunika kioo. Kaka akashuka, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakizungusha.

Maji yalimwunguza mkono wote wa kulia, shingo na sikio. Lori la mpunga ndilo lililowachukua mpaka hospitali.

Gari lilivutwa mpaka kwangu. Nilipofungua injini nikakuta gasketi imepasuka na pistoni moja imeyeyuka ukingoni kama mshumaa. Nikakaa chini kwenye tairi. Nilikuwa nimeelewa.

Shemeji alikuwa ameshampata wa kumlaumu. "Yule Mzambia na kompyuta yake nusura aniachie ujane," alikuwa anasema kwa kila aliyekuja kuwapa pole, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo. Maneno yalivuka mpaka. Fundi alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akafungua laptop akanionyesha rekodi ya siku aliyolirekebisha gari.

"Tazama. Maji hayakufika hata digrii sitini. Mune, niambie ukweli."

"Sijui," nikasema.

Akafunga laptop, akaondoka. Watu walimzomea stendi.

Nilikaa na jambo lile wiki tatu. Mwishowe nikapanda gari mpaka nyumbani kwa kaka, Mbozi. Nilimkuta ameketi uani, mkono umefungwa bandeji, nikamweleza yote, hata ule uongo.

"Shemeji yako umemwambia?"

"Bado, kaka."

"Na yule Mzambia?"

"Bado."

"Basi anza ndani. Kesho tunaenda Nakonde."

Shemeji alinisikiliza, akaingia chumbani, hakutoka mpaka nilipoondoka. Kesho yake kaka alimwomba radhi fundi kwa niaba ya familia, nami nikaomba yangu. Fundi aliuangalia mkono wa kaka kwa muda mrefu, akampa pole. Kisha akanigeukia.

"Siku ile ya kwanza kulikuwa na watu, uliona aibu. Niliporudi tulikuwa wawili tu."

Hakuvuka tena kuja Tunduma kufanya kazi.

Kaka aliliuza gari vilevile, bovu. Baadaye alinunua pikapu, na anaitengenezea Vwawa kwa fundi mwingine. Tukikutana misibani ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto. Kuhusu magari hajaniuliza neno.